Je, Asiyefundishwa Aweza Kuitwa Fundi?



Mwezi uliopita, Jumamosi jioni, kijana mmoja wa hapa Shanwe alibisha hodi mlangoni petu, mikono yake ikiwa myeusi kwa oili. Alituamkia kwa heshima, lakini alikataa kuketi, kwa kuchelea kukichafua kiti. Tulipomwuliza habari yake, akasema: “Baba Mchungaji, nina neno linalonisumbua. Jirani yangu ana lori dogo ambalo breki zake zimelegea. Ameniomba nimtengenezee bure, maana hana fedha ya kumlipa fundi wa mjini. Jumatano atapakia mahindi, na watu watapanda juu yake. Mimi sikufundishwa na mtu. Nimejifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga pikipiki. Je, ni halali niishike kazi hii? Na nikikataa, je, sitakuwa nimemwacha aende barabarani hivyo hivyo?”

Hatukuweza kumjibu papo hapo. Tulimwambia, “Mwanangu, mwambie jirani yako lori lisiondoke, nawe rudi Jumatatu.” Alipokwisha kwenda tulikaa kimya muda mrefu, maana swali lake lilitugusa sisi wenyewe mahali penye jeraha. Sababu yake tutaieleza. Lakini kwanza yafaa tuliangalie swali lenyewe, kwa kuwa si la kijana huyu peke yake, wala si la motokaa peke yake. Ni swali la kila mtu ambaye amejifunza jambo kwa juhudi yake, kisha jirani akamjia na kusema, “Nisaidie.”

Watu wengi watajibu upesi kwamba asiyefundishwa asiguse kitu. Jibu hili ni jepesi, tena si la haki. Kama lingefuatwa, pengine motokaa zisingetoka uani mwa yule aliyezibuni. Karl Benz wa Ujerumani aliandikisha gari lake la magurudumu 3 mwaka wa 1886, lakini watu hawakuliamini. Mnamo Agosti mwaka wa 1888 mkewe, Bertha Benz, aliliondoa gari hilo Mannheim pamoja na wanawe wawili, akaenda nalo mpaka Pforzheim, safari ya kilometa 100 hivi. Mama huyu hakuwa amesoma uhandisi katika chuo chochote. Alijua kwa kuwa aliishi karibu na kazi ya mumewe, akaitazama na kuifikiri. Njiani mrija wa petroli ukaziba, akauzibua kwa pini ya kofia yake. Waya mmoja ukachubuka, akaufunika kwa mkanda wa soksi. Hivyo mtu asiye na cheti aliwafundisha wenye vyeti kwamba motokaa yaweza kusafiri.

Tena sisi tukaao upande huu wa Katavi twajua umbali ni nini. Reli inayotoka Kaliua inakwisha hapa Mpanda, mwendo wa kilometa 210 hivi. Ng'ambo ya mji njia huingia katika miombo, na gari likiharibika huko, dereva hana gereji ila mikono yake. Tangu zamani nchi hii imekuwa hivyo kwa kila mwenye motokaa. Yule Mjerumani Paul Graetz, aliyevuka Afrika kwa motokaa kutoka Dar es Salaam mpaka Swakopmund kati ya mwaka wa 1907 na 1909, alitumia karibu miaka 2 kwa safari ambayo leo ni ya siku chache, na sehemu kubwa ya muda ule ilikwenda katika kutengeneza na kungojea vipuri. Basi mtu anayejifunza kuitengeneza motokaa yake asichekwe. Anajifunza jambo ambalo nchi yenyewe yamtaka alijue.

Nasi tulijifunza hivyo. Miaka kadhaa iliyopita tulipata Land Rover kuukuu ya petroli, ambayo wengi waliihesabu kuwa chuma cha kuuzwa kwa kilo. Seminari ilitufundisha Kiyunani kidogo na mengi ya mafundisho ya dini, bali haikutufundisha plagi ni nini. Tulianza kwa spana 4, bisibisi moja, na kitabu kilichopoteza jalada. Tulijifunza kwamba pistoni hushuka ikivuta hewa na petroli, hupanda ikivibana, cheche ya plagi huwasha, na moto huisukuma chini kwa nguvu, kisha hupanda tena ikiutoa moshi. Hatua hizo 4, ambazo Nikolaus Otto aliziweka katika injini yake mwaka wa 1876, ndizo zinazoendelea katika injini za petroli zipitazo mbele ya nyumba zetu leo. Siku tuliyosafisha kabureta kwa mara ya kwanza, na injini ikaitika, tulifurahi kama watoto. Jirani walikuja kutazama kilichompata mchungaji.

Tukaona pia faida ambayo hatukuitazamia. Mchungaji akihubiri vibaya, watu humshika mkono mlangoni na kumwambia, “Ahsante, Baba, tumebarikiwa.” Ni adabu yao njema, lakini yaweza kumharibu mtu, maana baada ya miaka mingi hajui tena lini amesema vema na lini amesema ovyo. Injini haina adabu ya namna hiyo. Haijali kanzu wala cheo. Ukiifunga vibaya haiwaki, hata kama umeomba kwa machozi. Kwa mtu aliyezoea kusifiwa, ni vema awe na mahali pamoja katika maisha yake ambapo asipofanya sawasawa anaambiwa papo hapo.

Lakini hapo ndipo palipo na hatari, nasi hatukuiona. Tulidhani kila sehemu ya motokaa hufundisha kwa namna ile ile. Sivyo. Kosa la injini hukukemea uani, ukiwa umevaa nguo za kazi, na hasara yake ni usiku mmoja wa usingizi. Kosa la breki hunyamaza. Gari litawaka, litatoka, litakwenda vizuri katika njia iliyo sawa, nawe utaimba. Neno lake litakuja mteremkoni, na atakayelisikia si wewe peke yako.

Wakati wa kiangazi, breki za Land Rover yetu zilianza kuvuja mafuta. Tulinunua raba mpya, tukafungua, tukasafisha, tukafunga. Kisha ilibaki kazi ya kutoa upepo. Msomaji asiyejua aelewe hivi: ukikanyaga breki ya gari la namna ile, mguu wako husukuma mafuta ndani ya mrija mpaka kwenye gurudumu, na kwa kuwa mafuta hayabanwi, nguvu yote hufika. Hewa hubanwa. Ikibaki hewa mrijani, mguu wako huibana ile hewa bure, na gurudumu halishikwi. Tulitoa upepo kama kitabu kilivyosema, tukajaribu gari uani, likasimama. Tukaridhika.

Kesho yake tulichukua watu 5 kwenda kwenye mazishi. Mzee mmoja aliuliza kabla ya kupanda, “Mchungaji, breki zimepona?” Tukajibu, “Zimetengenezwa.” Tulipofika kwenye mteremko uendao mtoni, tulikanyaga, na mguu ukazama mpaka chini kama unaokanyaga tope. Tulivuta breki ya mkono, tukarudisha gia, kisha tukalielekeza gari kwenye kichuguu kando ya njia. Kichuguu kililisimamisha. Mama mmoja aliyekaa nyuma alivunjika mkono. Wengine walipata michubuko. Kama kichuguu kile kisingekuwapo, yale mazishi yasingekuwa ya mtu mmoja.

Wapendwa, si ajali yenyewe iliyotusumbua zaidi katika miezi iliyofuata. Mkono wa yule mama uliunga, ingawa hata leo hauinui ndoo kama zamani. Kilichotusumbua ni jinsi tulivyosamehewa upesi. Watu walisema, “Ajali haina kinga.” Walisema, “Mchungaji alitaka kutusaidia tu, wala hakututoza nauli.” Yule mama mwenyewe alisema, “Baba, usihuzunike, ni mapenzi ya Mungu.” Nasi kwa siku kadhaa tulikubali maneno hayo, kwa kuwa yalikuwa matamu. Ndipo usiku mmoja tukakumbuka lile swali la mzee, na jibu letu.

“Zimetengenezwa.” Je, tulisema uwongo? Hapana, raba zilikuwa mpya, na kazi ilikuwa imefanyika. Lakini mzee hakuuliza habari za raba. Aliuliza kama aweza kutuaminia roho yake. Na jibu la kweli lilikuwa hili: “Tumezitengeneza sisi wenyewe, jana, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, kwa kusoma kitabu, na hatujazijaribu mteremkoni.” Kama tungalisema hivyo, huenda mzee angalipanda, huenda asingalipanda. Lakini angalichagua mwenyewe. Tuliuficha mpaka wa ujuzi wetu, na kwa kuuficha tuliwanyang'anya watu 5 haki ya kuchagua. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Mficha ujinga naye huumbuliwa, ila mara nyingi mkono unaovunjika si wake.

Hapa twaona kwamba wema hauondoi deni la kweli. Wengi wetu hufikiri kwamba mtu anayefanya kazi bure asiulizwe sana. Twasema, “Amejitolea, mnataka nini tena?” Lakini gurudumu halijui kama fundi alilipwa. Mteremko hausamehi kwa sababu ya moyo mwema. Tena afanyaye bure ana hatari moja ambayo fundi wa kulipwa hana: fundi wa kulipwa hudaiwa na mwenye gari akikosea, bali yeye hushukuriwa hata akikosea. Basi asiye na mtu wa kumdai hana budi kujidai mwenyewe.

Sokrate wa Athene, aliyeuawa mwaka wa 399 kabla ya Kristo, alikwenda kuwapima watu wa mji wake ili ajue ni nani mwenye hekima. Mwanafunzi wake Plato ameyaandika. Alipowafikia mafundi wa kazi za mikono, aliona kwamba walijua kweli mambo ambayo yeye hakuyajua, akawaheshimu kwa ajili hiyo. Lakini aliona kosa moja: kwa kuwa kila mmoja alijua kazi yake vema, alijidhania kuwa ajua na mengine makubwa. Kosa hilo liliufunika ujuzi wao. Tulipoisoma habari hiyo seminarini tulidhani yawahusu Wayunani wa kale. Kichuguu kilitufundisha kwamba yatuhusu sisi. Kabureta ilitufanya tujione mafundi wa breki.

Na hapo jambo lenyewe hufunuka. Ujinga si dhambi. Kila mtu alizaliwa nao, na kuuliza si ujinga. Hatari ya mtu aliyejifunza mwenyewe si kwamba ajua machache. Hatari yake ni kwamba hana mtu aliyesimama karibu naye wa kumwonyesha machache hayo yanakwishia wapi. Mwanafunzi wa gereji hukemewa na fundi wake kila siku. Kwa kukemewa huko huijua mipaka. Mwenye kujifunza peke yake hukuta mpaka kwa kuugonga. Kama anaugonga peke yake uani, ni shule. Kama anaugonga akiwa amebeba watu, ni hatia.

Mtu aweza kutuuliza, “Basi, yule Bertha Benz mliyemsifu, si alibeba watoto wake?” Ni kweli. Lakini angalieni alivyofanya. Mrija aliuzibua kwa pini yake, kwa kuwa aliujua. Mnyororo ulipoharibika, alimtafuta mhunzi, mtu wa chuma. Breki za mbao zilipolika kwa sababu ya miteremko, hakuzichezea. Alimwendea mshona viatu, mtu wa ngozi, akamwomba azivike ngozi. Mshona viatu yule hakuwa fundi wa motokaa. Mafundi wa namna hiyo walikuwa hawajawapo. Lakini alijua ngozi. Na aliporudi nyumbani, Bertha Benz alimweleza mumewe upungufu aliouona, hata juu ya milima iliyolishinda gari, wala hakusema tu kwamba safari ilikuwa njema. Sifa ya mama yule ilikuwa hii: alijua lipi ni la mkono wake na lipi ni la mkono wa mwingine.

Jumatatu kijana alirudi. Tulimsimulia habari ya kichuguu, jambo ambalo hatukuwa tumemsimulia kijana yeyote kwa ukamilifu wake. Kisha tukamwambia ajiulize mambo 3 kabla ya kushika chombo cha mtu. La kwanza: kosa langu litajionyesha wapi, uani au mteremkoni? La pili: je, nimemwambia mwenye chombo kweli yote juu ya kiasi cha ujuzi wangu, hata ile ambayo hakuniuliza? La tatu: nikikosea, ni nani atakayeumia, na je, huyo amekubali? Anayepanda juu ya magunia ya mahindi hakuulizwa neno na mtu yeyote.

Kijana alisikiliza, kisha akatujibu kwa hekima iliyotushangaza. Akasema: “Baba, hayo yote yanifundisha kukataa. Lakini nikikataa, lori litaondoka Jumatano na breki zile zile mbovu. Mikono yangu itakuwa safi, na watu watakufa vile vile.”

Neno hili ni zito, na hatukutaka kulipita. Ni kweli kwamba kunawa mikono si haki; yuko mtawala aliyenawa mbele ya watu wote, na maji hayakumsaidia. Asemaye, “Mimi sijui breki,” kisha akaenda kulala, ameuheshimu ukweli lakini amemwacha jirani. Lakini tukamwambia, “Mwanangu, kati ya kutengeneza usichokijua na kwenda kulala, mna njia nyingine nyingi. Je, wajua kutosha kumwonyesha mwenye lori kwamba breki hazifai? Mwonyeshe. Je, wajua kulifungua gurudumu? Basi ile kazi ya nusu siku fundi hataitoza. Je, jirani hana fedha? Ana mahindi. Je, wewe wataka kujua breki? Simama karibu na anayezijua, umshikie spana.”

Jumanne walikwenda wote wawili kwa fundi mmoja mzee wa mjini, nasi tulifuatana nao. Walipatana kwa gunia moja la mahindi na kazi ya kijana ya siku ile. Kijana alikuwa ameamini kwamba ubaya umo katika pampu kubwa, chini ya mguu wa dereva, na hiyo ndiyo angaliifungua. Fundi alizunguka lori, akainama, akafungua ngoma ya gurudumu la nyuma. Ndani yake mafuta yalikuwa yamevuja na kulowesha kila kitu, kwa raba ndogo iliyochoka ya gurudumu lile. Pampu kubwa ilikuwa nzima. Kijana aliangalia, kisha akatutazama sisi, asiseme neno. Angaliitengeneza pampu iliyo nzima, akaifunga vizuri, akasema kwa moyo safi, “Imetengenezwa.”

Kazi ilipokwisha, fundi hakumwachilia. Alimfanya atoe upepo katika magurudumu yote 4, akaanza tena alipokosea, kisha wakalijaribu lori likiwa tupu, wao wawili tu. Jumatano lilipakiwa mahindi.

Basi, je, asiyefundishwa aweza kuitwa fundi? Twajibu kwamba aweza, wala hatumnyimi mtu jina hilo kwa sababu hana karatasi. Hata serikali yetu imeliona jambo hili. VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1994, huwapima watu waliojifunza kazi nje ya chuo, na wakionekana wanaweza huwapa cheti chao. Tumemshauri kijana aiendee njia hiyo. Martin Luther naye alifundisha kwamba kazi halali ya mkono ni wito, kwa kuwa kwayo jirani huhudumiwa. Lakini wito wa kumhudumia jirani hauanzi na spana. Huanza na kumwambia jirani yule kweli juu ya mkono unaoishika.

Na neno hili haliwahusu wenye spana tu. Mama anayempa mtoto wa jirani dawa iliyobaki nyumbani, mzee anayeamua shauri la shamba ambalo hajui mipaka yake, mwalimu anayejibu swali asilolijua ili asiaibike mbele ya darasa, na mchungaji anayetoa shauri la ndoa au la ugonjwa kwa sauti ile ile anayohubiria: hawa wote wamesema, kila mmoja kwa namna yake, “Zimetengenezwa.” Watu huwaamini, kwa kuwa wana moyo mwema na hawatozi kitu.

Land Rover yetu ingali ipo. Injini yake twaifungua sisi wenyewe, na jioni nyingi tumepata furaha kwayo. Breki zake huzishika yule fundi mzee, nasi twamshikia taa. Yule mama huja kanisani kila Jumapili, na akituamkia hutupa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia humwuma wakati wa baridi. Hajawahi kutulaumu hata siku moja. Ndiyo sababu twaona ni wajibu wetu kuliandika jambo hili, ili msomaji anayeombwa msaada kesho ajiulize leo: ujuzi wangu unakwishia wapi, na je, anayeniamini amekwisha kuambiwa?